Nguzo ya Katikati

Wiki ya tatu, somo la boriti.
Karakana yetu hapa Kongwa ina madirisha sita
na vioo vinne, basi upepo huingia bila hodi,
hufunua madaftari kurasa ambazo hakuna aliyeziomba,
hupaka vumbi ubaoni
kabla sijaandika tarehe.

Wanafunzi ishirini na mmoja. Jiliwa moja.
Mizani tumeazima kwa Chibago muuza nyama,
anaitaka kabla ya saa kumi, tena iwe imepanguswa.
Mashine ya kukereza chuma haina mkanda tangu Februari;
nawaonyesha jinsi ingezunguka
kwa kuzungusha mkono wangu hewani,
nao wanaandika.

Muhula uliopita tulijenga madaraja kwa mabua ya mtama.
La Ndahani lilibeba kilo kumi na moja.
Mengine tuliyaacha barazani gundi ikauke,
mbuzi wa mlinzi akala matatu,
likiwemo la yule mwenye hesabu safi kuliko wote.
Nilimpa alama zake. Nilisita, lakini nilimpa.

Leo nimechora mstari, pembetatu mbili chini yake,
moja kila ncha, na mishale midogo inayoshuka.
"Mzigo haupotei," nasema. "Ukiuona umetulia,
jua kuna mahali umepokewa.
Mtafuteni anayepokea."
Kisha nauliza: nani ana boriti ya kweli?
Nimezichoka hizi za kitabuni.

Sechelela anainua mkono hadi nusu,
kama mtu anayepima kina cha maji.
Nyumba ya bibi yake, Mpwayungu. Tembe.
Paa la udongo, unene shubiri moja,
na mvua za Januari zikiukuta
udongo ule haumwagi maji, unayanywa.

Tunahesabu. Shubiri tunaigeuza sentimita,
gogo la mgunga tunalikadiria kwa mzunguko wa paja la Ndahani,
upana wa chumba ni hatua tano za bibi,
ambazo ni nne zangu.
Udongo mkavu: boriti inanung'unika.
Udongo uliolowa: chaki inakatika mkononi,
maana jibu linasema nyumba ilianguka
mwaka ule ule ilipojengwa.

"Imesimama tangu mama hajazaliwa," anasema.
"Na bibi yumo ndani sasa hivi. Anapepeta uwele."

Narudia. Nafuta kwa kiwiko.
Naulaumu mgunga, naulaumu udongo,
naanza kueleza habari za kipimo cha usalama,
maneno ambayo mwalimu huyatoa akipotea njia,
mpaka Ndahani, asiyependa kusema, anauliza:
"Kwani katikati ya chumba hamna kitu?"

"Ipo nguzo," anasema Sechelela.
"Ile anayofungia ndama usiku."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza, mwalimu. Ulichora ncha mbili."

Kweli. Nilichora ncha mbili
kwa sababu nilichorewa ncha mbili,
na aliyenichorea naye alichorewa.
Naongeza pembetatu ya tatu.
Masafa yanakatika nusu,
mpindo unabaki robo,
na nyumba iliyoanguka saa nne na robo
saa nne na nusu imesimama tena,
bibi ndani yake, na ungo, na ndama
asiyejua kwamba kamba yake
imefungwa kwenye jibu.

Wanapiga makofi, si kwangu.

"Na kwenye mtihani," anauliza akikunja daftari,
"tuichore nguzo?"

Mtihani hutungwa mjini,
huja katika bahasha iliyopigwa lakiri,
na boriti zake zote zina ncha mbili.
Nasema: soma swali kwanza.
Halafu nachukua kitambaa, napangusa mizani ya Chibago
juu, chini, na pale kwenye ndoano,
maana saa kumi haikawii.